Wiki ya Wasafiri na Swali la Umiliki

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunialika na kwa kufika kwa wingi. Nimeombwa nizungumzie uendeshaji wa wiki, yaani tovuti ambayo kila msomaji anaweza kubonyeza palipoandikwa “hariri” na kuibadilisha papo hapo, na hasa zile zinazojengwa na watu waliokutanishwa mtandaoni na jambo wanalolipenda, bila mshahara wala mkataba. Nafahamu kwamba baadhi yenu mnataka kuanzisha wiki ya ndege wetu, na wengine wiki ya mchezo wa bao. Kwa hiyo nitatangulia kusema ninachokiamini: swali la nani atashika jina la tovuti na nani atashika seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, lazima lijibiwe kabla ya ukurasa wa kwanza kuandikwa, kwa sababu likicheleweshwa, watakaoumia ni wale waliofanya kazi. Nitafuata historia ya wiki moja ya wapenda safari, ambayo huenda wengi wenu mmeisoma bila kujua kwamba iliwahi kuhama.

Julai 2003, miaka minane baada ya Mmarekani Ward Cunningham kufungua wiki ya kwanza kabisa, Evan Prodromou na Michele Ann Jenkins walianzisha Wikitravel, wakikusudia mwongozo wa usafiri wa dunia nzima ulioandikwa na wasafiri wenyewe. Uamuzi wao kuhusu leseni, yaani masharti ambayo wengine wanaruhusiwa kuyatumia maandishi, unastahili kutazamwa kwa karibu. Wakati ule Wikipedia ilitumia leseni ya GFDL, iliyotungwa kwa ajili ya vitabu vya maelekezo ya programu za kompyuta, ambayo humtaka anayetoa nakala aambatanishe leseni yenyewe, na leseni hiyo ina kurasa kadhaa za lugha ya kisheria. Mwenye nyumba ya wageni anayetaka kuchapa ukurasa mmoja wa mji wake na kuuweka mapokezi angelazimika kuchapa na kurasa hizo zote. Waanzilishi wakachagua leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kunakili, kubadilisha na hata kuuza, mradi waandishi watajwe na kazi mpya itolewe kwa masharti yale yale. Chaguo hilo, lililofanywa kwa ajili ya msafiri na karatasi yake, ndilo lililokuja kuwaokoa waandishi.

Aprili 2006 Wikitravel iliuzwa kwa kampuni ya Internet Brands ya California. Hebu tuangalie vizuri kilichouzwa. Maandishi hayangeweza kugeuka mali ya kampuni peke yake, kwa kuwa kila mwandishi alibaki na hakimiliki ya alichoandika na alikwisha kumruhusu kila mtu kukitumia. Kilichobadilisha mikono ni jina, seva, na anwani ambayo wasomaji walikwisha kuizoea. Baadhi ya waandishi wa Kijerumani hawakuridhika, na kabla ya mwaka kwisha walichukua nakala ya kurasa zao, wakaunda chama nchini Ujerumani na kufungua wiki yao iitwayo Wikivoyage. Waandishi wa Kiitalia waliwafuata mwaka 2007. Wa Kiingereza walibaki, na mimi siwalaumu hata kidogo, kwa sababu wasomaji walikuwa pale na kazi ilikuwa ikiendelea. Lakini kufikia mwaka 2012 malalamiko juu ya matengenezo ya programu na juu ya matangazo ya biashara yalikuwa yamezidi, nao wakajadiliana na Shirika la Wikimedia, ambalo ndilo linaloendesha Wikipedia, wahamie huko pamoja na wenzao wa Wikivoyage. Internet Brands ikawafungulia kesi waandishi wawili wa kujitolea. Mtu anayeandika kwa mapenzi yake, saa za jioni, juu ya mabasi na hoteli, anajikuta ameshika hati ya mahakama: jambo hili lilinihuzunisha nilipolisoma, na linanihuzunisha hadi leo. Kesi ilitupwa mwaka huo huo, na mwanzoni mwa mwaka 2013 wahusika walimalizana. Wikivoyage ilizinduliwa rasmi chini ya Wikimedia tarehe 15 Januari 2013, siku ambayo Wikipedia ilitimiza miaka 12.

Kilichohama ni maandishi pamoja na historia yake. Programu ya MediaWiki, inayoendesha wiki hizi, huhifadhi kila badiliko lililowahi kufanywa, pamoja na saa na jina la aliyelifanya, na leseni inadai majina hayo yasipotee. Kwa hiyo mwandishi aliyeeleza stendi ya mabasi ya mji fulani mwaka 2005 bado anaonekana leo katika historia ya ukurasa, ingawa tovuti ni nyingine. Nywila hazikuhama, kwa hiyo watu walilazimika kujisajili upya na kuthibitisha kwamba jina la zamani ni lao. Jina Wikitravel nalo lilibaki na kampuni, na tovuti ya zamani iliendelea kuwa wazi ikiwa na maandishi yale yale, hata mitambo ya kutafutia habari ikaendelea kwa muda mrefu kumpeleka msomaji kule, kwa kuwa kwa macho ya mtambo, tovuti kongwe ndiyo asili na ngeni ndiyo nakala. Hasara hii haina dawa ya haraka. Leseni huria inampa mwandishi haki ya kuondoka na maneno yake, lakini haimpi haki ya kuondoka na wasomaji.

Sasa, haki ya kuondoka haina maana kama hakuna watu watakaoondoka pamoja, na watu wa namna hiyo hupatikana kwa kazi ya kila siku. Kazi hiyo huanzia kwenye ukurasa unaoitwa “mabadiliko ya karibuni”. Kila mstari pale unaonyesha jina la ukurasa, saa, jina la mhariri, muhtasari aliouandika, na tarakimu ya herufi zilizoongezwa au kupunguzwa, ya kijani kwa kuongeza na nyekundu kwa kupunguza. Tarakimu kubwa nyekundu isiyo na muhtasari humfanya mwangalizi afungue mara moja. Kwa wasafiri, hata hivyo, anayefuta ukurasa mzima ni tatizo jepesi, kwa kuwa kurudisha toleo la nyuma ni suala la kubonyeza mara moja au mbili. Tatizo zito ni wapiga debe. Mwenye hoteli anaingia na kuandika kwamba hoteli yake ni bora kuliko zote ufukweni, wahudumu wake ni wakarimu na machweo yake hayana mfano. Kanuni ya Wikivoyage haimfukuzi mtu huyu, na hapo naona busara kubwa: anaruhusiwa kuitaja hoteli yake, bei, simu na saa za kufungua, kwa kuwa hakuna anayezijua kuliko yeye, ila sifa zote zinaondolewa na anaelezwa sababu katika ukurasa wa majadiliano. Msafiri ndiye anayetangulizwa, na kila mzozo hupimwa kwa kipimo hicho.

Kwa taarifa za namna hii kuna kigezo maalumu, yaani umbo lililo tayari kujazwa, chenye nafasi ya jina la mahali, anwani, simu, bei, saa, latitudo na longitudo, na mwishoni tarehe ya mara ya mwisho taarifa hiyo kuhaririwa. Tarehe hiyo ni ndogo lakini ina uzito. Nauli ya boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja inaweza kuwa sahihi leo na kumpotosha msomaji baada ya mwaka, na hakuna mhariri awezaye kuzunguka dunia kuthibitisha. Tarehe inamwambia msomaji auamini mstari huo kwa kiasi gani, tena inamwalika aurekebishe akitoka safarini. Hapa wiki ya wapenda jambo inaachana na Wikipedia. Wikipedia hudai kila dai liegemee chanzo kilichochapishwa. Wikivoyage haidai hivyo, kwa sababu aliyepanda boti juzi ndiye chanzo, na atakayepanda kesho ndiye mhakiki. Wacheza bao waliopo hapa wasiige kanuni za Wikipedia neno kwa neno: kanuni ya vyanzo ikiwekwa bila kufikiriwa itamnyamazisha mzee anayejua namna ya kucheza ya mahali pake ambayo hakuna kitabu kilichoiandika. Msimwombe kitabu. Mwombeni aandike mchezo umechezwa wapi na yeye ameupokea kwa nani.

Juu ya wakabidhi, yaani wale wenye uwezo wa kufunga ukurasa na kumzuia mharibifu, nitasema kidogo tu. Wasiwe mmoja. Mkabidhi mmoja akiugua, akihama kazi au akichoka, kwa siku saba tu ukurasa wa mabadiliko utajaa roboti za matangazo ya dawa na kamari. Tena wasichaguliwe kwa sababu wanafahamu kompyuta. Wachaguliwe kwa jinsi walivyomjibu mgeni aliyekosea katika ukurasa wa majadiliano, na majibu hayo yote yapo, yanasomeka.

Narudi kwenye umiliki, maana mtaondoka hapa mkaanze. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, lisajiliwe kwa jina la chama chenu kama kipo, na kama hakipo, makubaliano yaandikwe na kuwekwa wazi katika wiki yenyewe, yakisema nani anamshikia nani na litahamishwaje. Waandishi wengi huanza katika tovuti za kampuni zinazotoa nafasi bure; si vibaya, lakini someni kwanza masharti yanasemaje juu ya kuondoka, kwa kuwa kwa kawaida hamtaruhusiwa kuifunga wiki ya zamani hata kama waandishi wote wamehama. Leseni iandikwe chini ya kila ukurasa tangu siku ya kwanza, kwani kuibadilisha baadaye kunahitaji ridhaa ya waandishi ambao wengine hamtawapata tena. Nakala kamili ipakuliwe mara kwa mara na kutunzwa na zaidi ya mtu mmoja, na ifunguliwe katika kompyuta nyingine kuhakikisha kwamba inafanya kazi. Watu wa ndege, ninyi mna jambo la ziada: faili la nakala, la aina ya XML, linalotolewa na MediaWiki hubeba maandishi na historia, lakini halibebi picha. Zipangieni picha utaratibu wake wa kupakuliwa, pamoja na kurasa zake za maelezo, maana humo ndimo lilimo jina la mpiga picha na leseni aliyoitoa.