Mguu Umeumia: Tungoje Kesho au Tushuke Gatini?

(Mhadhara uliotolewa kisiwani Lamu baada ya sala ya Isha)

Assalamu alaykum wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana wa mashua mlioacha baraza zenu kuja kusikiliza habari za miguu. Mada yetu ni swali linaloulizwa katika kila nyumba: mtu ameumia mguu, apelekwe hospitali sasa hivi, au alale tuone kutakuchaje?

Kwa kawaida tunaamua kwa kilio na uvimbe. Analia sana, twende, halii, asubiri. Mguu umefura, basi umevunjika. Haukufura, umeteguka tu. Vyote viwili vinadanganya. Kano ya kifundo ikichanika, mguu hufura na kubadilika rangi mpaka vidoleni, na mifupa yote ikawa mizima. Upande wa pili, mfupa wa katikati ya mguu unaweza kuvunjika na uvimbe ukawa mdogo. Na mwenye kisukari aliyekufa ganzi anaweza kukanyaga msumari asubuhi akautembeza kutwa ndani ya ndara bila habari.

Kwanza tuyamalize yasiyo na mjadala. Mguu umepinda kusikofaa, mfupa umetokeza, vidole vimekuwa baridi na vimepauka kuliko vya mguu wa pili: safari. Ukitaka kujua kama damu inafika, bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe kisha uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Linganisha na mguu mzima, maana aliyetoka majini ana vidole baridi vyote kumi. Damu isiyokatika baada ya kukandamizwa dakika 10 nayo ni safari, lakini ziwe dakika 10 za saa, bila kufunua kuchungulia. Kila ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda. Aliyeumwa na nyoka hapimwi: msimchanje, msimfunge kamba, mguu utulie, aende.

Aliyeanguka kutoka mnazini au kwenye jukwaa la ujenzi akafikia visigino, mwulizeni mgongo kabla ya kumwinua. Nguvu ile ile inayopasua kisigino hupanda mpaka kwenye uti. Akisema mgongo wauma, msimkalishe. Alale chali juu ya ubao mpana, hata mlango, abebwe hivyo mpaka kwenye boti.

Sasa tuje kwa kesi ya kila wiki: mtu kateleza kwenye ngazi za gati zenye ukoga, kifundo kikapinda ndani. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, walichapisha kanuni za kuamua nani apigwe eksirei ya kifundo na nani asipigwe. Hufundishwa katika nchi nyingi, na uzuri wake hazihitaji mashine.

Jambo la kwanza ni hatua. Je, aliweza kukanyaga pale pale alipoumia, na anaweza sasa kutembea hatua 4, mbili kwa kila mguu? Kuchechemea kunaruhusiwa. Asipoweza mwanzo wala sasa, apigwe picha.

Jambo la pili ni kidole chako gumba. Kaa mbele yake, mguu wake juu ya paja lako, uanze kubonyeza pasipouma ili asiruke bure. Ishike ile nundu ya nje ya kifundo. Usibonyeze mbele yake. Hapo ndipo kano iliyochanika inapouma, na utasema kila mtu amevunjika. Bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa, kuanzia nchani kwenda juu karibu sentimita 6, kama upana wa vidole vitatu unusu. Fanya vivyo hivyo kwenye nundu ya ndani. Kisha shuka kwenye ukingo wa nje wa mguu: katikati ya kisigino na kidole kidogo utakuta kifupa kilichotokeza. Hicho hung'oka mara nyingi mguu ukipinda ndani, na wengi hawakitazami kwa sababu macho yote yako kwenye uvimbe wa kifundo. Mwisho, upande wa ndani, mbele na chini kidogo ya ile nundu, pana mfupa mwingine. Bonyeza na huo. Mahali pamoja tu katika hapo pane pakiuma kwenye mfupa wenyewe, apigwe picha. Pasipouma popote, na anatembea hatua zake 4, uwezekano wa mfupa kuvunjika kwa namna inayohitaji plasta ni mdogo sana.

Kipimo hiki hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka 6, aliyelewa, aliyeumia kichwa, mwenye ganzi miguuni, wala mguu uliofura hadi mfupa hausikiki kwa kidole. Hao waende tu.

Yapo mawili yanayopita katikati ya kipimo, na ni ya watu wa bahari na wa mpira. Mguu ukinaswa katikati ya mataruma ya mashua, mwili ukaendelea kuanguka, viungo vya katikati ya mguu vinaweza kuachana. Geuza wayo utazame. Ngozi ya wayo ni nyeupe kuliko ya juu, kwa hiyo damu iliyovilia huonekana wazi hata kwa mtu mweusi. Wayo ukiwa na doa la zambarau katikati, usimkanyagishe tena, hata kama alitembea hatua kumi. Vilevile mchezaji anayesikia mlio nyuma ya kisigino akageuka kumtafuta aliyempiga teke, na nyuma hakuna mtu. Mlaze kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda, uminye shavu la mguu. Mguu wenye kano nzima utajinyoosha vidole chini. Ukibaki kimya, kano kubwa imekatika. Huyu pia hutembea, na ndiyo maana huja amechelewa.

Aliyekanyagwa na punda au kuangukiwa na jiwe la matumbawe, mwangalieni saa kwa saa. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, na ukimnyoosha vidole kidogo tu anapiga kelele, mguu unajaa ndani na damu inabanwa. Hapo mnahesabu saa chache tu.

(Mzee mmoja akauliza: na kukandwa je?) Mzee wangu, kukanda na maji moto au mafuta ya moto katika siku 2 au 3 za mwanzo huzidisha kuvuja damu ndani, uvimbe ukaongezeka. Siku hizo ni za baridi: barafu ya kuhifadhia samaki yatosha kabisa, katika mfuko, ikazungushiwa kanga, dakika 15 hadi 20, kila baada ya saa 2 au 3. Usiiweke juu ya ngozi tupu wala juu ya kidonda. Bandeji ianze karibu na vidole ipande juu, na mguu uinuliwe juu ya mito upite usawa wa moyo. Baada ya robo saa tazama vidole: vikifa ganzi au kubadilika rangi, legeza. Waunga mifupa tunawaheshimu, lakini gango lililokazwa juu ya mguu unaoendelea kufura limewahi kuua mguu uliokuwa na ufa mdogo tu. Aliyebaki nyumbani, baada ya siku 5 hadi 7 akiwa bado hawezi kuukanyaga, arudi apimwe upya.

Vidonda sasa, na hapa Lamu tuna jambo letu. Mji huu unatembea kwa punda, na kinyesi cha punda hubeba mbegu za pepopunda. Vichochoro vyetu tunavipita na ndara, wengine miguu mitupu. Kwa hiyo tundu dogo la msumari, ambalo halitoi damu wala haliumi, nalihofia kuliko mkato mrefu unaobubujika. Mkato unajisafisha na unaoshwa. Tundu hujifunga juu na kuacha uchafu chini, pasipo hewa, na hapo ndipo pepopunda hustawi. Ugonjwa huonekana mara nyingi baada ya siku 3 hadi 21, wakati kidonda kimeshasahaulika. Hesabu ya sindano ni hii: aliyekamilisha chanjo, kidonda kidogo kisafi, adungwe tena ikiwa imepita miaka 10, kidonda kilichozama ndani au chenye uchafu, ikiwa imepita 5. Asiyejua hesabu yake ahesabiwe kuwa hana. Kina mama huchanjwa wakiwa wajawazito. Wanaume wengi hawajadungwa tangu utotoni, nao ndio wanaokanyaga misumari.

Msumari ukipita ndani ya ndara, itazame ndara yenyewe. Ikiwa tundu lake limemeguka, kipande cha mpira huenda kimebaki mguuni. Osha kwa maji safi ya kunywa na sabuni, yatiririke dakika 5 hadi 10. Maji ya bahari si dawa ya kidonda, yana wadudu wake. Jivu, mafuta ya taa, dawa ya meno, ugoro: hapana.

Mwiba wa samaki aitwaye taa una sumu, na sumu hiyo hupungua makali kwa joto. Tumbukiza mguu katika maji ya moto yanayovumilika, karibu nyuzi 45, kati ya dakika 30 na 90. Ayapime mtu mwingine kwa mkono wake, maana mguu wenye maumivu makali hautajua kama unaungua. Mwiba ule una meno yaliyoelekea nyuma. Ukizama sana usiuvute, na uende. Kidonda chochote cha bahari kikizungukwa na malengelenge, au wekundu ukikimbia ndani ya saa chache, msingoje hata swala ijayo. Kwenye ngozi yetu wekundu haujitangazi: tafuta joto, kung'aa, na rangi iliyokolea. Chora mpaka wake kwa kalamu, uandike saa. Ukivuka mstari, au mtoki ukaota kinenani, au homa ikaja, ni hospitali.

Mwenye kisukari ana sheria yake: kidonda chochote cha mguu, hata lengelenge la kiatu, kionwe ndani ya siku moja. Nyumbani mpimeni ganzi hivi: afumbe macho, umguse kwa wepesi sana, sekunde 1 au 2, nchani mwa kidole gumba, cha kati na kidogo, miguu yote miwili. Ni sehemu 6. Asipohisi 2 au zaidi, maumivu yake msiyaulize tena, hayana ushahidi. Na mguu wake mmoja ukifura, ukawa na joto kuliko mwenzake, hauna kidonda wala hauumi, mifupa inaweza kuwa inasagika ndani huku akiutembelea. Asiukanyage mpaka aonwe.

Ndugu wa Pate, Siyu na Faza, nyinyi mnaamua kwa saa mbili: ya mgonjwa na ya maji. Boti kubwa haipiti Mkanda, ule mkondo kati ya Manda na bara, maji yakiwa yametoka. Kwa hiyo swali la "tungoje tuone" liulizwe pamoja na "maji yanajaa saa ngapi?" Mkiwa na shaka na maji yanajaa, pandeni. Andikeni saa aliyoumia, sindano ya mwisho ya pepopunda, na dawa anazomeza. Karani wa hospitali ataviuliza hivyo hivyo.

(Mama mmoja akauliza: mtoto wa miaka 4 hataki kukanyaga, lakini haoneshi pa kuuma.) Mama, kwanza mwangalie wayo na katikati ya vidole kwa tochi, mara nyingi ni mwiba. Usipouona, kumbuka kwamba mfupa wa mtoto bado unakua, na ncha zake ni laini kuliko kano. Mpindo unaochana kano ya mtu mzima unaweza kuvunja mfupa wa mtoto, na mdogo kama huyo anaweza kuvunjika muundi kwa kuanguka kidogo tu akicheza. Kama hakuna aliyemwona akiumia, akilala akaamka bado anakataa, mlete. Na akiwa na homa pamoja na kukataa kukanyaga, mlete usiku huo huo, kwa sababu hapo tunahofia usaha ndani ya kiungo.