Kinder Scout, kilima kilicho chini ya Moshi mjini

Ndugu watazamaji wa nyumbani, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mkiniona nimevaa kofia ya sufu hadi masikioni mwishoni mwa mwezi wa Agosti, msidhani kwamba naigiza. Nimesimama juu ya Kinder Scout, katika mkoa wa Derbyshire huku Uingereza, na upepo mnaousikia ukigonga maikrofoni umetoka magharibi bila kukutana na mti hata mmoja wa kuupunguza kasi.

Mama yangu mdogo aliye Marangu aliniuliza juzi kwa simu, "Mwanangu, huko Manchester umekosa nini hata upoteze siku yako ya mapumziko kupanda kilima?" Yeye amewaona wageni wakipita mbele ya nyumba yake miaka yote na fimbo zao mbili mbili, na anavyojua ni kwamba mlima hupandwa na watu wa aina mbili tu, anayelipa na anayelipwa. Mimi mwenyewe nilipanda mara tatu nikiwa kijana, na mara zote nilikuwa na mzigo wa mtu mwingine kichwani. Kwa hiyo video hii, mama mdogo, ni jibu lako, na wengine wote mnakaribishwa kulisikiliza.

Nianze na urefu, ili wapagazi wenzangu wacheke mapema tuendelee. Kinder Scout ina mita 636 kutoka usawa wa bahari, na hapo ndipo juu kabisa katika mkoa wote huu. Moshi mjini iko zaidi ya mita 800, maana yake mtu anayekunywa chai pale stendi yuko juu kuliko mimi ninayehema hapa. Hata hivyo, hebu nigeuze kamera muone wenyewe. Hakuna miti. Kuna vichaka vinavyofika magotini, vyenye maua madogo ya zambarau yaliyotanda mpaka pale macho yanapokoma. Kuna nyasi za rangi ya kimanjano, madimbwi ya maji meusi, na mawe makubwa ambayo upepo na barafu vimeyachonga yakafanana na mikate iliyopandanishwa. Aliyewahi kutembea kutoka kambi ya Mandara, mita 2,720, kwenda Horombo, mita 3,720, ataitambua sura hii kabla sijamaliza kuieleza. Kichaka hiki kina ndugu zake kule kwetu, ila wale wa Kilimanjaro huweza kurefuka wakawa miti kamili yenye ndevu za kijivu, ilhali hawa wa huku wameinamishwa na upepo, kondoo na moto. Marangu iko kama nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na hapa niko nyuzi 53 kaskazini. Baridi ambayo sisi huipandia siku mbili, Mwingereza huifikia kwa mwendo wa saa mbili na bado akawahi chakula cha jioni nyumbani.

Nchi ya namna hii wenyewe huiita moor. Mimi nitaiita nyika ya mlimani, ingawa najua kwamba mtu wa Pwani akisikia nyika atafikiria ukame, na hapa ukame ndio kitu pekee ambacho sijakiona tangu asubuhi.

Nimekuja kwa treni, kwa reli inayotoka Manchester kwenda Sheffield, na safari hadi kijiji cha Edale haikufika saa moja. Nilipoanza kupanda nilijikuta nikitafuta lango. Ni mazoea tu. Nilitarajia kibanda, askari wa kukagua vibali, na lile daftari la kuandika jina, umri na kazi. Nilichokikuta ni ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, vidaraja vya kuuvukia, na kondoo watatu walionitazama kwa dharau kisha wakaendelea kula. Hii ni hifadhi ya taifa, ndugu zangu, ya kwanza kabisa nchini Uingereza, iliyotangazwa mwezi Aprili 1951, na hakuna kiingilio. Ndani yake wanaishi watu zaidi ya 35,000, wenye mashamba, shule, makanisa na baa zao, na sehemu kubwa ya ardhi yenyewe ina wenyewe, ama watu binafsi ama mashirika. Kwetu ukisikia hifadhi ya taifa unajua kwamba wanyama wamebaki na watu wamehama. Jina ni lile lile, lakini kitu kinachoitwa ni kingine kabisa, na ilinichukua muda kulielewa jambo hilo.

Sasa msije mkadhani kwamba kukosekana kwa lango ni ukarimu tu wa watu hawa. Miaka mia moja iliyopita mtu kama mimi asingefika hapa niliposimama. Nyika hii ilikuwa mali ya matajiri wachache waliokuwa wakiitunza kwa ajili ya ndege mmoja wa jamii ya kwale, mwenye rangi ya hudhurungi iliyoiva, ambaye huishi vichakani humu na kula machipukizi yake. Kila mwaka, kuanzia tarehe 12 Agosti, wenye mali walialika wageni wao kuja kumpiga risasi. Siku nyingine zote za mwaka waliwaajiri walinzi wa mawindo kuhakikisha kwamba hakuna mtu anayepita akawashtua ndege hao kwenye viota. Desturi hiyo ya kuwinda haijafa, kwani zipo nyika nyingine za kaskazini ambako hadi leo risasi husikika msimu huu.

Pande zote mbili za kilima hiki, Manchester upande mmoja na Sheffield upande wa pili, walikuwapo maelfu ya wafanyakazi wa viwandani waliokuwa na siku moja ya kupumzika na hewa chafu ya kuvuta siku zote saba. Siku ya Jumapili, tarehe 24 Aprili 1932, watu wanaokadiriwa kufika 400, wengi wao vijana, walikusanyika katika kijiji cha Hayfield kilicho upande ule wa magharibi, wakahutubiwa katika machimbo ya mawe na kijana wa miaka 20 aliyeitwa Benny Rothman, kisha wakapanda kwa pamoja mchana kweupe huku wakiimba. Walinzi waliwakabili mteremkoni wakiwa na fimbo, pakatokea purukushani fupi, lakini umati ukapita, ukakutana juu na wenzao waliotokea upande wa Sheffield, na baadaye ukateremka kwa njia ile ile. Polisi walikuwa wakiwasubiri chini. Kwa kuwa kukanyaga ardhi ya mtu peke yake hakukuwa kosa la jinai, walioshitakiwa walisomewa mashitaka ya fujo na ya kuchochea fujo, na watano wakafungwa jela kati ya miezi miwili na sita. Rothman alipata minne.

Miezi minne kwa kutembea. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilidhani nimekosea kusoma.

Hukumu ile iliwaudhi hata watu ambao hawakuwa wameunga mkono msafara wenyewe, na madai ya wapenda kutembea yakapata nguvu ambayo hayakuwa nayo. Mwaka 1949 ilipitishwa sheria iliyozaa hifadhi hizi za taifa; mwaka 1982 Kinder ilinunuliwa na National Trust, shirika la hisani linalotunza mandhari na majumba ya kale; na mwaka 2000 ikaja sheria nyingine iliyompa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu katika nyika na milima iliyoainishwa kwenye ramani, hata nje ya njia. Mwaka 2002, katika kumbukumbu ya miaka 70 ya msafara ule, Duke wa Devonshire, ambaye babu yake alikuwa miongoni mwa wenye ardhi hii, alisimama hadharani akaomba radhi kwa yale yaliyotendwa. Rothman mwenyewe alifariki mwaka huo huo.

Lipo jambo moja ambalo limenishughulisha tangu nilipoanza kupanda, nalo liko chini ya miguu yangu. Udongo huu mweusi mnaouona hapa penye ufa ni mboji, lakini si mboji ya shambani. Ni mimea iliyokufa ikashindwa kuoza kwa sababu imelowa maji muda wote, ikalaliana tabaka juu ya tabaka kwa kadiri ya milimita moja kwa mwaka, hivi kwamba kina cha mita moja ni kazi ya takribani miaka elfu moja. Anayefanya kazi hiyo hasa ni mmea mdogo uitwao sfagnamu, laini kama sponji, unaonyonya maji mara nyingi kuliko uzito wake. Viwanda vya Manchester vilipoanza kuchoma makaa ya mawe, moshi ulipandishwa na upepo huu huu wa magharibi, ukashuka huku kama mvua yenye asidi, na sfagnamu ikafa. Ukiongeza moto wa mara kwa mara na kondoo wengi kupita kiasi, ngozi ya mlima ikachunika, na mboji iliyochukua maelfu ya miaka kujilimbikiza ikaanza kuchukuliwa na maji kuelekea mabondeni. Tazameni jinsi ilivyo ajabu: mfanyakazi alizuiwa kupanda mlima asije akawasumbua ndege, lakini moshi wa kiwanda alichofanyia kazi ulikuwa na ruhusa ya kupanda kila siku, na hakuna mlinzi aliyeusubiri na fimbo.

Tangu mwaka 2003 mashirika kadhaa yameungana kuuponya mlima. Helikopta hupandisha magunia ya matawi yaliyokatwa kwenye nyika zenye afya, nayo hutandazwa juu ya udongo mtupu ili yaukinge na kuuachia mbegu. Makorongo huzibwa kwa mawe ili maji yatulie. Na vipande vya sfagnamu hupandwa kwa mkono, kimoja kimoja. Nimepita sehemu moja ambapo korongo lililozibwa limekuwa mfululizo wa vidimbwi vyenye zulia la kijani kibichi pembeni, na mita chache mbele yake pana udongo mtupu ambao bado haujafikiwa. Kazi ya watu wa leo na kosa la watu wa jana vimelala jirani, na huhitaji mtaalamu wa kukuonyesha kipi ni kipi.

Sasa niwaoneshe suruali yangu. Niliona zulia la kijani lenye kupendeza, nikajiambia kwamba aliyewahi kuvuka matope ya msituni kabla ya Mandara hawezi kutishwa na nyasi, nikakanyaga, mguu wa kulia ukazama hadi gotini. Nilipouvuta, mguu ulitoka na buti likabaki. Mzee mmoja na mkewe waliokuwa wakipita walisimama, yule bwana akanishikia mkono huku mimi nikichimbua buti kama mtu anayechimba viazi, na mama akaniambia kwa upole kwamba penye kijani kinachong'aa zaidi ndipo pasipokanyagwa kamwe. Baada ya hapo nimefuata mawe bapa yaliyotandikwa sehemu sehemu kwenye Pennine Way, ile njia ndefu ya kilomita 431 inayoanzia pale Edale na kuishia Uskoti. Mengi ya mawe ya namna hii yaliyotumika kwenye njia hiyo yalikuwa sakafu za viwanda vya nguo vilivyobomolewa. Baadhi yametobolewa matundu yaliyonyooka kama ya kushikilia mashine. Nilipoliona la kwanza nilisimama juu yake kwa muda, buti likidondosha maji.

Kwa mtu wa kwetu aliye huku na anayetaka kuja, nasema machache. Vaa koti la mvua hata kama jua linawaka Manchester, kwa sababu ukungu hushuka juu hapa kwa dakika chache na uwanda wote hugeuka ukuta mweupe. Beba ramani ya karatasi na dira, maana simu hukosa mtandao pale pale unapouhitaji. Funga kila geti ulilolikuta limefungwa. Na moto usiwashe kabisa, kwani mboji ikishika moto huungua chini kwa chini kwa siku nyingi. Chakula ni juu yako. Mimi nina chapati nne na chupa ya chai ya tangawizi, na nimempa yule mzee chapati moja kwa sababu ya buti. Aliila akiwa amesimama, akaniuliza imetengenezwaje, na mkewe akaandika.

Mama mdogo, hapa nimefika mwisho wa njia yangu ya leo. Huu ni ukingo unaoitwa Kinder Downfall, ambapo mto mdogo unaokusanya maji ya uwanda mzima huanguka kwenye mwamba wa takribani mita 30. Hayo ndiyo maelezo ya kitabuni. Leo upepo unapuliza moja kwa moja kuelekea kwenye mwamba, kwa hiyo maji yanafika ukingoni, yanainama kidogo, kisha yanarudishwa juu, yanaruka hewani kama moshi mweupe na kunilowesha mimi niliyesimama nyuma yake. Nimekaa hapa nusu saa na sijaona tone likifika chini. Nitaiacha kamera juu ya jiwe hili kwa dakika chache muangalie bila maneno yangu, kisha nishuke, kwa kuwa treni yangu ni ya saa kumi na moja na nusu na soksi moja bado imejaa maji.