"Kiasi" ni ngapi? Kuhusu alama za MRI katika ugonjwa wa Crohn

Wanaonijua wameshaanza kucheka. Wanajua naanzia wapi: neno "kiasi".

Kijana mmoja mwenye Crohn, ugonjwa wa kudumu wa kuvimba utumbo, aliletwa kwetu na ripoti mbili za MRI, zile picha za mwili zinazopigwa kwa sumaku. Ya kwanza: "ukuta wa utumbo umenenepa kiasi." Ya pili, baada ya miezi sita ya dawa za bei kali: "ukuta wa utumbo umenenepa kiasi." Haya, niambieni, dawa imemsaidia au haijamsaidia? Sokoni ukiambiwa nyanya ni bei ya kiasi, utauliza fungu shilingi ngapi. Daktari akiandika kiasi, wote kimya! Nikazifungua picha zenyewe, nikapima. Mara ya kwanza milimita 8, mara ya pili 4. Hajapona, ila yuko njiani. Na wenzangu walishakaa kikao cha kumbadilishia dawa.

Ndiyo maana nawapenda watu wa Barcelona. Mwaka 2009, Jordi Rimola na wenzake walilinganisha picha za MRI na kile ambacho kamera ilikiona ndani ya utumbo, wakatoa hesabu iitwayo MaRIA. Chukua kipande kimoja cha utumbo. Unene wa ukuta kwa milimita, zidisha kwa 1.5. Asilimia ambayo mng'ao wa ukuta kwenye picha umeongezeka baada ya gadoliniamu, dawa ya kung'arisha picha inayochomwa mshipani, zidisha kwa 0.02. Ukuta una maji, ongeza 5. Una kidonda, ongeza 10. Jumlisha. Ikifika 7, ugonjwa uko hai. 11, ni mkali. Ukuta wa milimita 6, mng'ao umeongezeka asilimia 150, maji yapo: 9 na 3 na 5, ni 17. Hapo "kiasi" iko wapi?

Namwona yule wa nyuma: "Prof, foleni ni ndefu, nitapiga hesabu saa ngapi?" Sawa. Mwaka 2019 ikarahisishwa. Ukuta unaozidi milimita 3, alama 1, maji, 1, mafuta ya kandokando yamevurugika, 1, kidonda, 2. Alama 1 ugonjwa uko hai, 2 ni mkali. Jumla haizidi vidole vya mkono mmoja, na mkono unao.

"Lakini mgonjwa anasema hajambo." Jamani! Hata anayeumwa hujibu hajambo. Hiyo ni salamu. Crohn hutulia kwenye maneno ya mgonjwa huku utumbo unaendelea kuvimba.

Muda... mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Kabla ya picha, mgonjwa anywe manitoli yake yote, kile kinywaji cha kuujaza utumbo utanuke, lita moja na zaidi. Utumbo uliosinyaa huonekana mnene hata ukiwa mzima, na alama zako zitakuwa za uongo. Pili, kifua kikuu cha tumbo hupenda palepale, mwisho wa utumbo mwembamba. Alama hupima ukali, hazitaji jina la ugonjwa. Kabla ya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe ambazo pia hushusha kinga, tafuta TB. Kuna hesabu nyingine, ya Clermont, isiyotaka gadoliniamu; hiyo leo naiacha.

Maswali? Aliyekuja na ripoti aitoe, tuhesabu "kiasi" ziko ngapi.