Kastaneti zinaongea, tuzisikilize

Haya jamani karibuni, mliokaa nyuma sogeeni mbele maana hiki kitu ni kidogo na nataka mkione vizuri.

Hizi ndo kastaneti, ala ya muziki ya kugonga ya Kihispania. Wahispania wanaziita castañuelas, kutoka castaña, ile njugu kubwa ya kahawia inayochomwa Ulaya wakati wa baridi, ukiangalia umbo utaelewa. Vijibakuli viwili vya mbao ngumu, kamba inapita juu, unaivaa kwenye gumba, na kila mkono una jozi yake. Basi.

Sasa kitu kinachoniuma ni pale mtu anapozigongagonga tu hovyo kama vifuniko vya sufuria, kwa sababu hizi jozi mbili hazina sauti moja! Yenye sauti ya juu inaitwa hembra, yaani jike, inakaa kulia, na yenye sauti nzito ni macho, dume, inakaa kushoto. Kulia ndo kunaongea sana, kushoto kunajibu na kushikilia mdundo, kwa hiyo mtu mmoja anacheza huku mikono yake inajibizana.

Hebu tujaribu, wekeni mkono wa kulia juu ya meza. Anza na kidole kidogo, halafu cha pete, cha kati, cha shahada, haraka haraka bila kukata, trrra. Halafu kushoto pigo moja, ta. Umepata mapigo matano, hiyo inaitwa carretilla na ndo roho ya kastaneti. Walimu wanaifundisha kwa mdomo kwanza, ria, ta, ria, ta, ukishaweza kuisema vidole vinafuata. Mnaona kidole cha pete kilivyo kivivu? Hapo ndo watu wanakaa miezi.

Ila si kila sehemu Hispania wanafanya hivi, kule mkoa wa Aragón wanaocheza jota, ngoma yao ya asili, wanazivaa kidole cha kati wanazirusha kwa kifundo cha mkono, sauti inatoka pana, ya nje, ya sherehe.

Na flamenco, ule muziki na dansi ya kusini mwa Hispania? Wengi wanadhani kastaneti ndo flamenco yenyewe, lakini flamenco ya zamani mdundo wake ni makofi, kualisha vidole na visigino. Kastaneti ziliingia humo kutoka kwenye ngoma za vijijini na escuela bolera, mtindo wa dansi ya Kihispania wa karne ya 18, na utazisikia sana kwenye sevillanas, ngoma ya Sevilla.

Aliyezipandisha hadhi kwangu mimi ni mcheza dansi Antonia Mercé, waliyemwita La Argentina, alizaliwa Buenos Aires 1890 wazazi wake Wahispania wacheza dansi, akafariki 1936. Alizifanya ziwe na mnong'ono, ziwe na hasira, hadi watu wakaja ukumbini kusikiliza kastaneti zenyewe. Baadaye Lucero Tena wa Meksiko akasimama mbele ya okestra nzima akiwa na hizi tu mkononi.

Kwenye okestra za kawaida mpigaji huwa anazikuta zimefungwa kwenye kibao, anagonga kwa vidole, ni rahisi lakini ule mviringo wa carretilla unapungua sana.

Sasa nawawekea kipande cha Carmen, opera ya Bizet ya 1875, pale Carmen anapomchezea askari Don José kwa kastaneti na kwa mbali baragumu za jeshi zinaanza kumwita José kambini. Zimeni simu tafadhali, msikilize jinsi kastaneti haziachii.