Nyonga imeungwa, mzee yuko nyumbani: acheni asimame mwenyewe

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Kaka Idi, mzee kaanguka, nyonga ikavunjika, kapasuliwa, sasa karudi nyumbani. Ndugu wote wamemzunguka. Halafu?

IDI: Halafu wanamharibu kwa mapenzi.

ZUHURA: Taratibu, kaka!

IDI: Nasema kweli, dada. Kazi yangu ni fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, naingia majumbani mwa watu. Ninachokikuta mara nyingi ni watu wawili wamemshika mzee makwapani, wanamnyanyua kama gunia. Yeye hajasukuma hata kidogo. Zoezi wamefanya wao.

ZUHURA: Lakini si mgonjwa? Kapasuliwa juzi tu.

IDI: Hospitalini kwa kawaida wanamsimamisha kesho yake baada ya upasuaji, hali ikiruhusu. Wengi huruhusiwa kuukanyagia mguu kadiri wanavyostahimili. Wapo wanaopewa masharti, kwa hiyo muulize daktari wa mifupa kabla hujaondoka pale. Ila kulala tu ndiyo hatari: nimonia, damu kuganda miguuni, vidonda vya mgongoni. Na misuli inasinyaa haraka mno.

ZUHURA: Basi ukifika unaanza na nini?

IDI: Na kiti. Kigumu, chenye mikono, kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Asogee mpaka ukingoni, arudishe nyayo nyuma kidogo, ainamishe kifua mbele, asukume mikono ya kiti, asimame. Mimi niko pembeni, mkono wangu karibu na kiuno chake, simgusi. Kisha akae, na akae polepole! Wengi wanajibwaga, na pale kwenye kushuka ndipo paja linapofanya kazi hasa.

ZUHURA: Aliyewekewa nyonga ya bandia naye ainame hivyo hivyo?

IDI: Swali zuri. Baadhi yao hukatazwa kuikunja nyonga kupita nyuzi 90, au kukunja nne. Huyo mtafutie kiti kirefu, na akisimama atangulize mguu uliopasuliwa mbele kidogo.

ZUHURA: Mara ngapi?

IDI: Mpaka achoke. Akiweza mara kumi huku anakupigia soga, zoezi limeshakuwa jepesi. Aache kutumia mkono mmoja, au ahamie kiti kifupi zaidi kama hana katazo. Hapa ndipo mazoezi ya nyumbani yanapofeli: karatasi ile ile tangu wiki ya kwanza hadi mwezi wa tatu.

ZUHURA: Nilisoma utafiti wa Marekani wa 2019. Wiki 16 za mazoezi nyumbani, kipimo ni kutembea mita 300 au zaidi kwa dakika 6. Waliofanya mazoezi hawakuwazidi wenzao kwa kiwango cha kutegemewa.

IDI: Naujua, na sitaki kuuficha. Mwingine wa huko huko, wa 2014, ulikuwa wa miezi 6, na watu walipata nafuu, ingawa ya kiasi. Ndiyo maana simwahidi mtu kwamba atarudi kama zamani, maana wengi hawarudi kabisa. Ninachopigania ni mzee aende chooni bila kumwita mtu.

ZUHURA: Na akilia maumivu?

IDI: Ameze dawa aliyoandikiwa kama nusu saa kabla ya zoezi. Maumivu yanayotulia baada ya mapumziko hayanitishi. Lakini yakija makali ghafla, au mguu ukaonekana umefupika, au kigimbi kimoja kimevimba, au pumzi inambana, acha zoezi, mpeleke hospitali.

ZUHURA: Ngazi, kwa kifupi?

IDI: Kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, mkongojo na mguu mbovu vinatangulia. Na mkongojo, jamani, ushikwe mkono wa upande wa mguu mzima! Kila siku nasahihisha hilo.

ZUHURA: Mie ninayemwogopea ni yule anayeamka usiku.

IDI: Hata mimi. Taa iwe karibu aifikie amelala, mikeka yote iondolewe, fremu ya kutembelea iwe upande anaoshukia. Na akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu, kizunguzungu kipite.

ZUHURA: Tukimsikia anaamka, tukimbie kumshika?

IDI: Nenda usimame mlangoni. Akikuita, ndipo umsogelee.