Chumba Kimoja cha Kilobaiti Mbili: Usafi wa Msimbo na Kumbukumbu Ndani ya Draiva

Shikamooni walimu wangu. Wanafunzi na mafundi, habari za asubuhi. Waliotoka Tukuyu na Vwawa na baridi hii, asanteni sana kwa kufika.

Leo nazungumzia draiva, yaani msimbo unaoendesha kifaa kama kihisi au kadi: je, kuuandika kwa usafi kunakula kumbukumbu? Nianze na tangi la maziwa. Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza kifaa cha kupima joto la tangi la kupozea maziwa huko Rungwe. Maziwa yakishakamuliwa yanatakiwa yashuke hadi nyuzi 4 hivi na yabaki hapo. Umeme ukikatika usiku, joto hupanda, na asubuhi mfugaji anaambiwa maziwa yake hayafai. Kifaa changu kilitakiwa kisome vihisi vya joto vya DS18B20, kiandike kwenye kadi ya SD, na kipige kelele joto likipanda. Nilitumia ATmega328P, ile chipu ya Arduino Uno ambayo wengi wenu mnayo mkobani: kilobaiti 32 za fleshi za kuhifadhi programu, na kilobaiti 2 za RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi. Yaani baiti 2,048 tu.

Mezani kilifanya kazi wiki nzima. Kule kwenye tangi, usiku wa tatu, kikaanza kuandika joto lisilowezekana, kisha kikawa kinajizima na kujiwasha. Umeme ulipokatika hakikupiga kelele. Maziwa ya usiku ule yalimwagwa, na yalikuwa jasho la watu. Sijalisahau jambo hilo, na ndilo limenileta hapa.

Nilijua RAM imejaa. Kosa langu ni kwamba niliuvamia usafi wa msimbo. Nilikuwa na draiva zilizopangika, kila kifaa na faili lake, kila funksheni na kazi moja. Nikazivunja. Nikaunganisha mafaili, nikafanya vigeu vyote viwe vya wazi kwa kila mtu, nikafupisha majina yakawa herufi mojamoja, nikafuta hata maelezo. Jamani, jina la kigeu haliingii kwenye chipu! Maelezo pia hayaingii. Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya chipu, huyaacha yote nje. Na funksheni ndogo iliyotangazwa static (ya faili hilo tu), ikiitwa mahali pamoja, mara nyingi kompaila huumwaga msimbo wake palepale inapoitwa, isigharimu chochote. Baada ya siku mbili nilikuwa na msimbo nisioweza kuusoma mwenyewe, na RAM ilikuwa karibu vilevile.

Ndipo nikafungua faili la ramani, lile ambalo linka, programu inayounganisha vipande vya msimbo, hulitoa ukiliomba, linaloonyesha kila kitu kimekaa wapi na kimechukua baiti ngapi. Fikiria umepanga chumba kimoja pale Mwanjelwa, unalalamika hakuna nafasi, unatupa vijiko. Hujatazama kitanda.

Kitanda changu kilikuwa bafa ya kadi ya SD, yaani nafasi ya kushikilia data yake kwa muda. Kadi husoma na kuandika kwa vipande vya baiti 512, kwa hiyo robo ya RAM ilikwenda hapo, na hiyo sikuwa na namna ya kuikwepa. Mfumo endeshi wangu mdogo ulikuwa na kazi nne, kila moja na staki, nafasi yake ya kuwekea vitu vya muda, ya baiti 200: jumla 800. Halafu jedwali la kuhakiki data ya kihisi, CRC, baiti 256. Zilibaki 480, na humo zilikuwamo sentensi zangu zote za taarifa, karibu baiti 300.

Tazameni hilo jedwali. DS18B20 inatoa baiti 9, ya tisa ikiwa ya kuhakiki zile nane. Jedwali linaharakisha hesabu hiyo. Lakini kihisi chenyewe, kwa usahihi wa biti 12, huhitaji hadi milisekunde 750 kupima joto! Ukihesabu biti kwa biti bila jedwali unazunguka mara 64, haifiki hata milisekunde moja. Nililitoa. Sentensi nazo: kwenye chipu hii maandishi hunakiliwa RAM kifaa kinapowaka, hata ukiyatangaza const (yasiyobadilika), mpaka uyawekee alama ya PROGMEM yabaki fleshi. Kwenye chipu za Cortex-M const inatosha. Mabadiliko hayo mawili yalirudisha zaidi ya baiti 550, na hakuna lililochafua msimbo.

Kwa nini mezani kilifanya kazi? Kila mara mfumo endeshi wangu unapobadilisha kazi, rejista zote 32, visanduku vidogo vya ndani ya prosesa, huwekwa kwenye staki ya kazi inayosimamishwa. Pamoja na hali ya prosesa na anwani ya kurudia ni baiti 35. Mezani hilo halikuwahi kutokea katikati ya kuandika kadi, staki ikiwa imezama zaidi. Usiku wa tatu lilitokea, staki ikafurika juu ya data ya jirani. Chipu hii haina mlinzi wa kumbukumbu wa kuzuia.

Kuna usafi mmoja ambao kweli una bei, nao mnaupenda: jedwali la pointa za funksheni, yaani orodha ya anwani zake, kama draiva za Linux zinavyofanya. Kwenye Linux ni sahihi kabisa. Hapa, pointa ni baiti 2 kwa AVR, familia ya chipu yangu, na 4 kwa Cortex-M, lakini hizo si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba funksheni iliyotajwa kwenye jedwali linka haiwezi kuitupa hata kama hakuna anayeiita. Bodi yako ikiwa na kadi moja tu, chagua draiva wakati wa kukompaili: faili la kichwa, linalotangaza funksheni, ni lilelile, linalobadilika ni faili lililo nyuma yake. Zephyr, mfumo endeshi wa vifaa vidogo, hutumia jedwali, ila huliweka fleshi kama const, na vifaa vyote vya aina moja hushirikiana hilohilo.

Na ukilazimika kuchafua? Mimi baadaye nilifanya bafa ya kadi itumiwe pia na draiva ya kutuma ujumbe. Ni hatari, lakini imefungwa ndani ya faili moja, na juu yake nimeandika nani anaishika, lini, na anaiachiaje.

Wenye kompyuta, fungueni faili la ramani la mradi wenu. Tuanze na sehemu ya .bss, zinakokaa data zinazoanza na sifuri, tutafute kitanda.