Lipia Mshono, Usilipie Jina

Ndugu mwenyekiti, ndugu zangu, asanteni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na leo nalirudia kwa sababu swali halijakoma: je, inafaa kumwaga fedha nyingi kwa kiatu, mkoba au koti moja tu? Jibu langu ni lilelile. Inafaa pale fedha inapokwenda kwenye kazi ya fundi. Inapokwenda kwenye jina lililobandikwa juu, haifai, hata kama uwezo unao.

Najua mtakachonijibu: rahisi ghali. Hakuna kikao ninachokaa nisiletewe methali hiyo, na anayeileta ana haki. Kitu cha bei ya chini kinachochanika kila baada ya miezi michache, ukijumlisha, kimekula fedha zaidi. Lakini methali imesema kilicho rahisi ni ghali. Haikusema kila kilicho ghali ni imara! Hilo tumeliongeza wenyewe, na wauzaji hawana sababu ya kutusahihisha.

Tuchukue kiatu, maana kwenye kiatu uongo haujifichi. Ukikigeuza, jiulize soli imeshikwaje: kwa gundi, au kwa uzi? Uko ushonaji unaoitwa Goodyear, kwa jina la Charles Goodyear mdogo, Mmarekani aliyeendeleza mashine yake katika karne ya 19. Pembezoni mwa kiatu unapita utepe, mara nyingi wa ngozi. Sehemu ya juu ya kiatu hushonwa kwenye utepe huo, kisha soli nayo hushonwa kwenye utepe huohuo kwa mshono wake wa pili. Soli ikilika, fundi anafumua ule mshono wa pili tu, anatoa soli, anashona nyingine, na ngozi ya juu haiguswi. Anaweza kurudia kazi hiyo mara kadhaa katika uhai wa kiatu kimoja. Mtu akilipa mara tatu ya bei ya kawaida kwa kiatu kama hicho, akakitunza, akakipaka dawa, akakipumzisha siku moja kila baada ya kukivaa, mimi sina ugomvi naye. Bei ile ataigawa kwa miaka mingi ya kutembea.

Sasa shika raba ya jina kubwa, yenye bei hiyohiyo au zaidi. Mara nyingi soli imegandishwa kwa gundi, na nyingine ndani yake zina povu la poliyurethani, aina ya plastiki laini. Povu hilo huliwa na unyevu wa hewa, kiatu kivaliwe kisivaliwe. Wapo watu wanaoficha raba kwenye boksi miaka na miaka wakiamini wametunza mali, na siku wanapozitoa soli inapukutika mikononi mwao. Hawajatembea nazo hata hatua mia! Na hao ndio wanaoniambia kwamba wamewekeza.

Hili la uwekezaji linanichosha, lakini nitalijibu. Mfano unaoletwa ni mkoba wa Birkin, unaotengenezwa na Hermès, nyumba ya mitindo ya Ufaransa. Ni kweli, Julai 2025 mkoba wa kwanza kabisa wa aina hiyo, uliotengenezwa kwa ajili ya Jane Birkin mwenyewe, mwigizaji na mwimbaji, uliuzwa katika mnada wa Sotheby's mjini Paris kwa takriban euro milioni 8.6. Huo ulikuwa mkoba mmoja, wa mtu mmoja mashuhuri. Wa kwako hauna historia hiyo. Vitu vingi vya mitindo hupoteza sehemu kubwa ya bei yake siku ile vinapotoka dukani. Atakayebisha ajaribu kuviuza kesho yake.

Hata hivyo nataka kuwa mkweli kuhusu Hermès. Nyumba hiyo ilianza mwaka 1837 kwa kutengeneza hatamu na lijamu za farasi, na ule mshono wa tandiko bado hushonwa kwa mkono: uzi mmoja, sindano mbili, zikipishana katika tundu moja kutoka pande mbili. Uzi ukikatika mahali pamoja, mishono ya jirani inabaki imeshika. Mshono wa mashine haushiki hivyo. Hiyo ni kazi, na kazi ina bei yake.

Ila msidhani kila jina kubwa linauza kazi. Juni 2024 mahakama ya Milano iliweka chini ya usimamizi wa kisheria kampuni tanzu ya nyumba ya mitindo ya Dior nchini Italia, kwa sababu ya hali za kazi katika karakana za wakandarasi wake. Katika nyaraka za kesi kulikuwa na mkoba ambao mkandarasi alilipwa euro 53 kuutengeneza, bila kuhesabu ngozi, na dukani ukauzwa euro 2,600. Usimamizi huo uliondolewa mwaka 2025. Lakini niambieni, katika zile 2,600, mshono ulipata ngapi?

Na katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2018, kampuni ya mitindo ya Burberry iliteketeza bidhaa zilizokosa wanunuzi, zenye thamani ya zaidi ya pauni milioni 28. Baada ya malalamiko, ikatangaza kuacha. Nguo nzima, mpya, zilichomwa moto zisije zikauzwa kwa bei ya chini. Hapo ndipo unapoona bei inalindwa kwa ajili ya jina.

Nguo nitazipitia haraka. Igeuze ndani nje. Tazama bitana, tazama kama pindo lina kitambaa cha akiba cha kuachia siku mwili ukinenepa, vuta zipu mara kadhaa. Kama ndani ni ovyo, rudisha kwenye kiango, bila kujali nembo.

Kuna anayesema ukivaa jina utaheshimiwa. Mwanauchumi Thorstein Veblen aliandika habari za matumizi ya kujionyesha mwaka 1899, na tangu hapo kilichobadilika ni nembo tu. Heshima ya namna hiyo inadumu mpaka msimu ujao wa mitindo, halafu unatakiwa kuinunua upya.

Na wa kukopa ndio wananiumiza zaidi. Mkoba wa mkopo unaulipia bei ya dukani pamoja na riba, na mtindo wake unaweza kupitwa kabla deni halijaisha. Mwenye fedha zake tutabishana naye kwa amani. Wewe wa mkopo, nakuomba kabisa usinunue.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumzia mitumba na nguo za kukodi, lakini muda hautoshi. Mwenye koti au mkoba anaotaka tuupekue pamoja aje hapa mbele baada ya maswali. Karibuni muulize.